Ushanga kwa Jina, Masango kwa Nambari

Wako vijana siku hizi ambao kazi yao ni kutengeneza programu za kompyuta na za simu. Programu haichongwi mara moja ikaisha kama kinu. Inatoka leo, baada ya miezi michache inarekebishwa, inatoka tena, na kila inapotoka huitwa toleo, sawasawa na gazeti. Basi hapo ndipo ubishi unapoanza. Wengine wanasema toleo lipewe nambari tu: la kwanza, la pili, la tatu, maneno yamekwisha. Wengine wanasema hapana, kila toleo lipewe jina lake la kupanga, jina lenye ladha, ili watu walikumbuke na walipende. Nani mwenye haki?

Mimi si fundi wa kompyuta. Elimu yangu imeishia kidato cha nne, na muda wangu mwingi nautumia kuandika riwaya ambayo bado haijapata mchapishaji. Lakini hapa Tabora wapo wenzangu watatu wanaotengeneza programu ya simu ya kuwasaidia warina asali kuweka hesabu ya mizinga na madumu yao. Kwa kuwa wanajua napenda maneno, wamenipa kazi ya kuwatafutia majina ya matoleo. Toleo la kwanza wanataka liitwe kwa jina la mti, la pili mti mwingine, na kadhalika. Kazi tamu hiyo kwa mtu kama mimi. Hata hivyo, kabla sijawapa hata jina moja, nimeona niulize kwanza kama majina hayo yatamfaa mrina asali wa kule Sikonge, au yatatufaa sisi tu tulioyabuni.

Nimelitafuta jibu, na sikulazimika kwenda mbali. Liko katika ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Ubishi wa jina na nambari, ndugu msomaji, haukuanza na kompyuta. Ulikuwepo katika njia hiyo zaidi ya miaka 150 iliyopita, na aliyekosea aliweza kulala na njaa.

Hebu tukumbuke kwanza njia yenyewe ilivyokuwa. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni mwaka 1857, wakafika hapa Novemba mwaka huohuo. Ni zaidi ya miezi minne ya kutembea kwa miguu. Wao waliuandika mji huu kwa jina la Kazeh. Stanley alipofika mwaka 1871 aliandika Tabora na Kwihara. Tayari unaona, hata mji wenyewe ulimsumbua mgeni kwa majina yake! Lakini hilo tuliache. Mji huu haukuwa na ziwa wala mto mkubwa. Ulikuwa ghala. Hapa ndipo mizigo ilipofunguliwa, ikahesabiwa, ikapangwa upya, kisha mingine ikaelekezwa Ujiji na mingine kaskazini, Karagwe na Buganda.

Na mizigo ilikuwa ya nini? Pembe za ndovu zilikuwa zinakwenda pwani, pamoja na watu waliotekwa, jambo ambalo hatuna haki ya kulisahau. Vilivyotoka pwani kuja bara vilikuwa hasa vya aina tatu: nguo, ushanga na masango, yaani waya mnene wa shaba. Bara hakukuwa na sarafu. Ukitaka mtama, ukitaka kuku, ukitaka kuvuka mtumbwi, ukitaka kupita katika nchi ya mtemi kwa amani, ulilipa kwa vitu hivyo. Ile kodi ya kupita iliitwa hongo, na neno hilo tunalo mpaka leo, ingawa tabia zake zimebadilika kidogo tu. Stanley alifananisha mali hizo na fedha: ushanga ni kama senti za shaba nyekundu, nguo ni kama fedha, na masango, hasa ng'ambo ya Tanganyika, ni kama dhahabu.

Sasa tuutazame ushanga, maana hapo ndipo penye utamu. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, kule Italia. Wenye viwanda na mawakala wao walizishona kwenye kadi za sampuli na kuziandikia nambari. Mfanyabiashara wa Ulaya aliagiza kwa nambari. Lakini shanga hizohizo zikishateremshwa Zanzibar, ile nambari ilibaki kwenye makaratasi. Kuanzia hapo ushanga uliitwa kwa jina. Kulikuwa na sami-sami, ule mwekundu wenye moyo mweupe. Kulikuwa na gulabi, wa rangi ya waridi. Kulikuwa na bubu, mweusi. Kulikuwa na merikani, mweupe. Kulikuwa na sungomaji, mkubwa kama yai la njiwa. Kulikuwa na sofi, uliofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Burton aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba aina za ushanga zilifika kama 400, na kila moja ilikuwa na jina lake, thamani yake, na mahali pake palipoipenda.

Tena majina mengine yalikuwa ya utani mtupu. Sami-sami, anasema Burton, iliitwa pia kwa jina ambalo yeye alilifasiri kuwa ni kimaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake cha jioni ili aupate. Jina jingine alilifasiri kuwa ni kivunja mji. Jamani! Hebu fikiria, ni nani angeweza kukaa ofisini Venice akabuni jina kama hilo? Hakuna. Majina hayo yalizaliwa njiani, kwenye vinywa vya wanunuzi na wauzaji, wapagazi na wanawake waliouza mtama kambini. Ndani ya jina moja walitia bei, tamaa, kicheko na lawama. Nambari ya kadi ya sampuli isingeweza kukwambia kwamba ushanga huu unagombanisha nyumba. Jina lilikwambia.

Kwa hiyo nianze kwa kuwapa haki yao wanaotetea majina. Jina lina kumbukumbu, na nambari ni kavu. Mtu asiyejua kusoma atabeba majina 20 kichwani bila taabu, lakini mpe nambari 20 uone. Na jina likitolewa na wanaokitumia kitu, linakuwa kama cheti. Linasema kitu hiki tumekipokea, tumekionja, tumekijua.

Lakini sarafu ina pande mbili. Jina lilelile lililokuwa rafiki wa mwenyeji lilikuwa ukuta kwa mgeni. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa Zanzibar akijiandaa kumtafuta Livingstone, jambo lililomhangaisha sana lilikuwa ushanga. Aliambiwa bubu unapokelewa Ugogo, lakini kwa makabila mengine hauna thamani hata kidogo. Sungomaji una thamani Ujiji, ila kwingine utakataliwa. Merikani mweupe ni mzuri Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini Ukonongo wataudharau. Akalazimika kukaa na wafanyabiashara wazoefu, akauliza nchi moja baada ya nyingine, akapiga hesabu ya siku atakazokaa kila mahali. Mwishowe akanunua magunia 22 ya ushanga wa aina 11.

Ona jambo lenyewe hapo. Stanley alikuwa na fedha za gazeti kubwa la New York. Alikuwa na nafasi ya kukaa na kuuliza. Je, yule ambaye hakuwa na wa kumuuliza? Jina la ushanga halikuonyesha mahali unapotakiwa. Halikuonyesha kama ni wa zamani au ni mpya, kama umepanda au umeshuka. Sungomaji na sami-sami, ukizisikia kwa masikio tu, ipi imetangulia, ipi imefuata? Huwezi kujua. Elimu yote ilikuwa nje ya jina, kwenye vichwa vya watu waliokwisha kupita njia hiyo. Jina lilikuwa mlango tu, na ufunguo alikuwa nao mwenyeji.

Na msafara uliofika mahali na ushanga usiotakiwa ulipata nini? Mali ipo mabegani, njaa ipo tumboni. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, mchana kutwa. Posho yake ya chakula ilitoka humohumo kwenye nguo na ushanga wa msafara. Tajiri akiwa amechagua vibaya kule Zanzibar, kosa lile lilitembea siku nyingi juu ya mabega ya mtu ambaye hakuulizwa, na likamwangukia yeye kwanza. Hili ndilo ninalotaka lishikwe katika makala hii: gharama ya jina lisiloeleweka hailipwi na aliyelibuni. Inalipwa na yule wa mwisho kabisa katika njia.

Kuna na tatizo jingine la majina. Nimetaja ushanga mweupe ulioitwa merikani. Basi nguo nayo iliyopendwa kuliko zote iliitwa merikani! Ni ile nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Wamarekani, hasa kutoka Salem, Massachusetts, tangu miaka ya 1830. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na nguo hiyo ikaenea njia nzima hadi ziwani. Sasa mtu akituma barua kutoka Ujiji akasema, "Nileteeni merikani," anataka nini, kuvaa au kuvaa shingoni? Wenyeji walielewana kwa mazingira ya maneno. Mgeni alikuwa hana mazingira.

Halafu ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865. Pamba ikaadimika, meli za nguo zikapungua. Nguo za Uingereza na za India zikaingia kuziba pengo, na baadaye viwanda vya Bombay vikalishika soko hasa. Lakini je, jina lilikufa? Wapi! Watu waliendelea kusema merikani, na hadi leo kamusi zetu zinalo neno marekani au amerikani kwa maana ya kitambaa cha pamba. Kitu kilibadilika, jina likabaki palepale, limevaa koti la marehemu. Wauzaji walipotaka kutofautisha walilazimika kuongeza neno jingine, kama vile gamti kwa ile ya Bombay. Jina zuri hushikamana na watu kiasi kwamba halikubali kuondoka hata mwenye jina akishaondoka. Hiyo ni sifa, lakini kwa mtu anayetaka kujua ameshika nini mkononi, ni mtego.

Tuje sasa kwenye masango. Hapa nilishangaa mwenyewe. Mali hii, iliyokuwa na thamani kuliko ushanga, haikuitwa kwa majina ya mapenzi. Iliitwa kwa nambari. Stanley anaandika kwamba waya uliofaa kwa biashara ulikuwa nambari 5 na nambari 6, ulio mnene karibu kama waya wa telegrafu. Nambari hizo zilikuwa vipimo vya unene. Waya wa nambari 5 ukiwa Zanzibar ni nambari 5, ukifika Tabora ni nambari 5, ukivuka Tanganyika bado ni nambari 5. Hauhitaji mwenyeji wa kukueleza. Ukitilia shaka, unaupima.

Kwa nini masango kwa nambari na ushanga kwa jina? Kwa maoni yangu ni kwa sababu waya uliponunuliwa haukuwa umemaliza safari yake. Mhunzi aliufua, akausokota, akafanya bangili na vikuku. Kilichotakiwa ni kujua unene tu. Ushanga ulivaliwa kama ulivyo, na thamani yake ilikuwa machoni mwa mvaaji. Kinachopimika kilipewa nambari. Kinachopendwa kilipewa jina. Babu zetu hawakukaa mkutano kuamua hivyo, ila ndivyo njia ilivyoamua.

Lakini nisiisifu nambari kupita kiasi. Nayo ina fumbo lake. Katika vipimo vya waya, nambari ikipanda unene unapungua. Waya wa nambari 5 ni mnene kuliko wa nambari 6! Mgeni angefikiri kinyume. Kwa hiyo hata nambari inataka kanuni yake ielezwe mara moja tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba kanuni ya nambari ni moja, ukishaielewa umemaliza. Majina 400 yana kanuni 400.

Tukitoka hapa twende Ujiji, mwisho wa njia. Mwingereza Cameron alifika huko mwaka 1874, akaeleza jinsi soko lilivyoendeshwa. Sokoni pale fedha ilikuwa sofi. Asubuhi soko linapoanza, walikuwepo watu wenye mifuko imejaa sofi. Ukija na ushanga wa jina jingine, unabadilisha kwao kwanza, ndipo ununue samaki wako au mafuta yako. Jioni soko likifungwa, wauzaji nao wanarudisha sofi kwa watu walewale na kuchukua ushanga mwingine. Wabadilishaji wakapata faida kwenda, wakapata faida kurudi. Nani aliwalipa? Mwenye samaki na mwenye njaa. Majina yakizidi, hutokea tabaka la watu wanaoishi kwa kuyafasiri tu.

Baadaye njia ya miguu ikafuatwa na njia ya chuma. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Na kwenye reli nako ubishi wetu ulipanda gari moshi. Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilikuwa na mazoea ya kuzipa injini zake za mvuke nambari na pia majina. Aina moja ilipewa majina ya makabila, nyingine majina ya milima. Katika jumba la makumbusho ya reli la Nairobi imehifadhiwa injini nambari 2921, jina lake Masai of Kenya. Aina iliyoitwa daraja la 60, iliyoanza kazi mwaka 1953 na 1954, ilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Baadaye vibao vile vya magavana viling'olewa. Injini zenyewe hazikutupwa. Ziliendelea kuvuta mabehewa yaleyale kwenye reli zilezile. Zilitambulikaje? Kwa nambari zake. Nambari ilistahimili uhuru, jina la gavana halikustahimili. Nadhani hapa pana fundisho kwa wote wanaopenda kuvipa vitu majina ya wakubwa. Jina lililobandikwa kutoka juu hukaa kwa muda wa aliyelibandika.

Basi tukiwa na mzigo huo wa mifano, turudi kwenye programu.

Wanaotengeneza programu nao wana majina yao ya jikoni. Windows 95, kabla haijatoka, iliitwa Chicago na watengenezaji wake. Hilo mimi silipingi. Jikoni kwako ita sufuria jina lolote. Tatizo linaanza jina la jikoni linapotoka nje kwa mlaji. Wale wa Debian, mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure, tangu mwaka 1996 wanayapa matoleo yao majina ya vikaragosi vya filamu ya Toy Story. La kwanza liliitwa Buzz. Ukimwambia mtu "Buzz" na "Bo", atajuaje lipi ni la mbele na lipi la nyuma? Ni sungomaji na sami-sami tena. Ila nao wameweka nambari pembeni, na hiyo nambari ndiyo inayowaokoa wageni.

Ubuntu, ambao umejichukulia jina lake kutoka kwenye neno la Kibantu lenye maana ya utu, walifanya hesabu nyingine. Toleo lao la kwanza lilitoka Oktoba 2004, nambari yake 4.10, yaani mwaka na mwezi. Jina lake lilikuwa Warty Warthog, tuseme ngiri mwenye vigwaru. Yote mawili kwa pamoja: ngiri wa kuchekesha, na nambari inayokwambia umri wa kitu ulichoshika. Baadaye wakaanza kuyapanga majina kwa kufuata alfabeti ili jina nalo lionyeshe zamu. Wazo zuri, lakini mwaka 2017 alfabeti iliwaishia wakarudi kwenye A. Nambari haina mwisho wa namna hiyo.

Mfano unaotugusa zaidi huku ni wa Android, ambayo imo kwenye simu nyingi tunazozishika. Matoleo yake yaliitwa kwa majina ya vitamutamu kwa kufuata alfabeti: KitKat, kisha Lollipop, na kuendelea. Mwaka 2019 Google ikaacha kuyatumia majina hayo mbele ya watu, ikasema toleo hilo litaitwa Android 10 tu. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba katika lugha nyingine L na R hazitofautiani zinapotamkwa, hivyo mtu akisikia Lollipop hawezi kujua kwamba linafuata baada ya KitKat. Kha! Hawa wamefika lini Usukuma na Unyamwezi? Sisi tunaotaniwa nchi nzima kwa ajili ya hizo L na R tungeweza kuwaambia hivyo bila malipo. Kampuni kubwa hivyo, lakini ilichukua miaka kumi kugundua kwamba jina linafika mbali kuliko mdomo wa aliyelibuni.

Upande wa pili upo mfano wa jina lililofaa. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa kutafsiri programu kwa Kiswahili ulitoa programu ya kuandikia na ya mahesabu, ukaiita Jambo OpenOffice. Neno "jambo" halikuhitaji mfasiri kutoka Lamu hadi Kigoma. Lilieleza hapohapo tofauti ya kitu hicho na vingine: hiki kinakusalimu kwa lugha yako. Jina la namna hiyo linafanya kazi, halikai bure.

Wenzangu nilipowaeleza hayo, mmoja alinicheka. "Kaka, wewe mwandishi mzima unatetea nambari? Si ndiyo kazi yako, kupamba?" Nilimjibu kwamba mwandishi ndiye anayejua zaidi kuwa jina si pambo. Katika riwaya, mhusika akiwa na majina matatu bila sababu, msomaji anapotea ukurasa wa pili. Akaniuliza tena, "Sasa sisi tunaokesha usiku tukitengeneza, hatuna haki ya kufurahi na jina letu?" Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuifagia. Kikundi kidogo kisicho na mtaji kinaishi kwa moyo, na jina huutia moyo. Watu hukumbuka "mwaka wa mninga" kuliko "mwaka wa mbili nukta tatu". Na wapagazi nao waliimba njiani, wakajitania na kupeana majina, la sivyo mzigo usingefika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwao ni huu. Kwanza, nambari iandikwe kubwa mahali pa wazi, tena ihesabike kwa kidole: 1, 2, 3. Mrina asali akipiga simu kutoka porini kwamba hesabu ya madumu yake imepotea, swali la kwanza litakuwa "unayo la ngapi?" na ajibu bila aibu. Tukimuuliza "unayo mninga au mtundu?" tutakuwa tumemfanya mgeni katika kitu chake mwenyewe, na msimu wa asali haumsubiri mtu. Pili, jina la jikoni libaki jikoni, waliitane nalo usiku wakikesha, halina ubaya. Tatu, jina la nje lingoje. Likae wazi. Warina asali wenyewe wakishaitumia programu mwaka mmoja au miwili wataita toleo fulani kwa namna yao, pengine kwa sifa, pengine kwa matusi. Likifanya hesabu ipotee, wataliita kivunja mji, na watakuwa na haki. Hilo ndilo jina la kuandika, kando ya nambari yake.

Najua wapo watakaosema nimeng'ang'ania shanga na waya za watu waliokwisha kufa wakati dunia imekwenda mbele. Hawajakosea kwamba dunia imekwenda mbele. Lakini kila kinachotengenezwa mahali pamoja na kutumika mahali pengine bado kinasafiri, na katika msafara wowote yupo wa mbele anayepeperusha bendera na yupo wa nyuma anayebeba. Wa mbele ndiye anayebuni majina siku zote. Mimi nimejaribu kuitazama njia kutoka nyuma, kwa sababu wengi wa watu wa nyumbani kwangu waliitembea wakiwa huko nyuma. Mwenye hoja ya kunipinga na aje nayo, uwanja ni wetu sote.